Mama wa Darajani

4 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenifikia na vumbi la huko ndani yake, nikaikung'uta kwanza dirishani ndipo nikaisoma. Nashukuru umefika kambini mzima na hema lako halivuji. Kama simu hazishiki huko porini, basi tutaandikiana, lori la chakula litakuwa posta yetu. Mkono wangu umezoea ripoti za lifti tu, kwa hiyo ukiona nimeanza na hitilafu nikamaliza na saini, usishangae.

Leo nina kituko. Uliniambia chumba chako kisifungwe muda mrefu, kitaota ukungu. Nikafungua madirisha, nikafagia, nikaikuta ile mashine yako ya gemu chini ya runinga ndogo. Vitu vya umeme vikikaa sana bila kuwashwa huharibika, nikasema niiwashe kidogo kisha niizime. Muziki ukaanza, nikakaa kitandani kwako. Niliponyanyuka jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa jengo.

Dunia imekwisha, mwanangu. Sijui ni bomu au ni ugonjwa, maana maelezo yalipita kabla sijavaa miwani. Ninachojua ni kwamba mimi nimebaki, nimo kwenye handaki, na inanipasa kutoka. Kutoka tu ilikuwa shughuli. Mashine ina kijiti kimoja cha kutembea, kingine cha kutazama, na mimi vidole vyangu ni vya spana. Nilikuwa natazama dari huku natembea ukutani. Nilipotoka nje hatimaye, nikaona nchi nzima mbele yangu, vilima, barabara iliyopasuka, magari yenye kutu, na hakuna anayeniambia niende wapi. Nikasimama pale kama mjinga. Halafu mbwa akaja akaniua. Nikafufuka palepale, kama vile hakuna kilichotokea, na mbwa naye akaja tena.

Waliolitengeneza gemu hili wanajua kazi, lazima niseme. Unaingia kwenye nyumba ya watu, vikombe viko mezani, viatu viko mlangoni, wenyewe hawapo. Nikawa napita chumba kwa chumba bila kugusa kitu, nikihisi kama nimeingia bila hodi. Kosa nililoliona ni moja: kuna jengo refu lina lifti, nikachungulia shimoni, hawakuweka uzani wa kusawazisha. Lifti ile isingepanda hata ghorofa moja.

Kinachonisumbua ni ukimya. Huyo mtu wangu anatembea na nyayo zake tu ndizo zinazosikika.

Usihofu, sikai ndani. Jumamosi niko na wenzangu wa karakana, tunacheza karata na kusema uongo kama kawaida. Kula vizuri.

Baba yako, fundi wa zamani wa lifti


15 Machi

Baba,

Nimecheka hadi wenzangu wa hema wakanitaka niwasomee. Sasa kambi nzima inakuita Mzee wa Mbwa, unisamehe.

Mbwa wale usiwakimbie. Inama, kuna kitufe cha kuinama, kisha wapite kwa upande ambao upepo hauendi kwao. Usiokote kila sufuria unayoiona, mzigo ukizidi utashindwa kukimbia. Na usisahau kuhifadhi ulipofikia kabla ya kuzima, la sivyo utarudi handakini.

Ile kazi kubwa uliyopewa ni hii: umekabidhiwa kipande cha redio, unatakiwa ukifikishe kwenye mnara ulioko kaskazini, ili watu waliobaki waweze kusikiana. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Mengine yote ni njiani.

Huku tunaendelea. Asubuhi tunabeba darubini ya kupimia na vigingi, tunatembea kwenye mstari ambao treni itapita, tunapigilia kigingi, tunapima, tunatembea tena. Siku nzima huoni nyumba. Wenzangu wanalalamika kwamba nchi hii ni tupu mno. Mimi sijachoka nayo. Kazi ni nyingi, sijui tutamaliza lini.

Wasalimie wazee wa karakana. Yule anayeficha karata kwenye soksi bado anashinda?

Binti yako


29 Machi

Mwanangu,

Bado anashinda. Soksi yenyewe imetoboka lakini anashinda.

Sasa naweza kutembea na kutazama kwa pamoja. Mbwa nimewaweza. Nimevuka mji uliokufa, nimelala kwenye duka la viatu, nimekutana na watu wawili wakanipiga risasi bila hata salamu. Nikafuata mto, nikafika penye daraja.

Utakuwa unalijua. Chini ya daraja kuna mama mmoja amewasha moto, ana sufuria kubwa, amejifunga shuka mabegani. Nilimkaribia kwa kuinama, nimeshika ile bunduki yangu mbovu, nikitegemea naye aanze kupiga. Akaniangalia tu, akasema: "Umerudi. Kaa, upoze miguu."

Mimi sijawahi kufika pale. Nadhani humwambia hivyo kila mtu. Lakini nilikaa, kuna kitufe cha kukaa, na yeye akaendelea kukoroga sufuria, na moto ukawa unalia, na mto unapita. Sikumbuki nilikaa muda gani.

Siku hizi nikiamka, nakunywa chai, nafungua madirisha ya chumba chako, nakwenda darajani. Kwanza natafuta kitu cha kumpelekea. Nimempelekea chumvi, blanketi, taa, na kandambili ambazo nadhani ni za kiume. Akipokea anasema "Hukusahau," basi. Ana maneno machache, nimeshayajua yote kwa mpangilio, na bado nangoja aseme.

Kipande cha redio ninacho mfukoni. Nitakipeleka, mnara hauendi popote. Watu wamekaa bila kusikiana miaka yote hiyo, wakingoja kidogo zaidi si neno.

Juzi tulitembea na wenzangu hadi kwenye bustani ya manispaa. Hewa nzuri. Mimi mzima kabisa.

Baba


6 Aprili

Kwako mtoto wa juu,

Ni mimi, Mama Mapacha wa ghorofa ya chini. Najua utashtuka kuona mwandiko wangu, kwa hiyo nianze na hili: baba yako haumwi.

Ila hatoki. Tulianza kusikia milio ya bunduki mchana, mapacha wangu wakafurahi, mimi nikapanda kuuliza, akaniambia ni runinga. Sawa. Lakini wale wenzake wa karakana walikuja Jumamosi, wakagonga, akawajibu akiwa ndani kwamba ana mafua. Jumamosi iliyofuata wakaja tena, mafua yaleyale. Hawajaja tena. Pazia la sebuleni halifunguliwi, linafunguliwa la chumba chako tu. Mkate ananituma mimi.

Juzi nilikuwa naanika nguo nikamsikia anasema, "Nimerudi, mama, leo nimechelewa." Nikajua una likizo, au kuna mgeni. Nikampandishia chakula cha watu wawili. Alikipokea mlangoni, akanishukuru kwa adabu zake zote, akafunga. Hakukuwa na mgeni.

Sisemi ana tatizo la kichwa. Nasema tu kwamba tangu mama yako afariki, nyumba ile imekuwa kama stoo. Nikajiona sitalala vizuri bila kukwambia. Usimwambie kwamba ni mimi.

Mama Mapacha


14 Aprili

Mama Mapacha,

Asante. Endelea kumgongea, hata akikujibu kwa mafua.

Nami nikwambie jambo, maana sina mwingine wa kumwambia. Mkataba wangu wa wiki nne ulikwisha mwezi uliopita. Wenzangu nusu wamerudi mjini. Mimi niliomba niendelee na kundi la pili, nikakubaliwa. Baba hajui. Nimemwacha aamini kwamba kazi haijaisha. Nikifikiria kupanda zile ngazi na kufungua ule mlango, nabeba vigingi na kurudi kazini. Tafadhali libaki kwako.

Mtoto wa juu


14 Aprili

Baba,

Nafurahi umefika darajani. Lakini ukikaa pale tu gemu haliendi, na utakuwa umeona kidogo sana. Upande wa kaskazini kuna milima yenye theluji na ziwa ambalo chini yake kuna mji mzima. Peleka kile kipande mnarani, baba. Anza kesho. Barabara ya reli ya zamani ndiyo salama, na kabla ya kupanda mlima tafuta koti zito.

Nakuomba kabisa. Ukimaliza, niandikie ulivyoona.

Na utoke kidogo nje, angalau hadi kwa Mama Mapacha.

Binti yako


2 Mei

Binti,

Nimekipeleka.

Nilifuata reli kama ulivyosema. Koti nililipata kwa marehemu mmoja aliyekuwa ameketi kwenye behewa. Mlimani niliganda mara mbili nikarudishwa chini, nikapanda tena. Mnara una lifti, mbovu, nikapanda kwa ngazi. Nikapachika kipande, taa zikawaka moja moja, na redio ikaanza kusema. Watu wa kila upande wakaanza kuitana. Mwanamke anamwita mumewe, mzee anataja jina la kijiji chake, mtoto anauliza kuna mtu. Nilisimama wima pale chumbani kwako. Nilifurahi, mwanangu, nikageuka kutafuta mtu wa kumwambia.

Nikaona nirudi nikamwambie yule mama.

Moshi niliuona tangu mlimani. Nilipofika hapakuwa na shuka, hapakuwa na mtu. Sufuria imepinduliwa. Nilizunguka nguzo zote za daraja, nikaingia mtoni hadi kifuani, nikabonyeza kila kitufe kilichopo. Halafu nikaelewa kwamba majambazi, kama wale wawili walionipiga risasi, waliifuata sauti ya redio niliyoiwasha mimi. Nikajaribu kurudi nyuma, lakini nilikuwa nimehifadhi mlimani, nyuma ya hapo hapana.

Wewe ulilicheza gemu hili kabla yangu. Ulijua.

Na la pili. Yule kijana mrefu mliyeondoka naye alikuja kunisalimia mwezi uliopita. Alitaka kukuona na wewe, akidhani umerudi kwa gari jingine. Kisha akakumbuka, akaniambia mkataba umekwisha na wewe ndiye uliyeomba kubaki. Nilimpa chai, nikamwambia ndiyo, najua. Sikuwa najua. Sikukuuliza, nilisema utaniambia mwenyewe. Nikangoja barua yako, na barua ilipokuja ikawa ya kunituma mnarani.

Mimi si mtoto wa kuhamishwa kwa ujanja.

Baba


10 Mei

Baba,

Nilijua. Yote mawili.

Sitajitetea, nitakueleza tu. Baada ya mazishi, watu walipoondoka, tulibaki wewe sebuleni na mimi chumbani. Nilikuwa nimefunga mlango, nimevaa vile vya kusikilizia muziki masikioni. Ulikuwa unakuja hadi mlangoni kwangu. Nilikuwa naona kivuli cha miguu yako pale chini. Unasimama, halafu unaondoka. Nilikuwa nangoja ugonge, na papo hapo naomba usigonge, maana nisingejua nikwambie nini.

Unajua nilikuwa wapi wakati huo? Nilikuwa chini ya daraja. Nilikuwa namfuata mama yule kila siku kama wewe. Nilimpelekea taa zote nilizozipata. Kipande cha redio nilikaa nacho mfukoni wiki na wiki. Nilipokipeleka, na kurudi, na kukuta moshi, nililia hadi nikatapika. Makaburini sikulia, baba, wewe mwenyewe uliniona. Nililia kwa mtu wa kuchorwa.

Nilipoambiwa hutoki ndani, nikasema ngoja, akipoteza mahali pale atatoka, kama nilivyotoka mimi. Ni wazo baya na nililituma kwa lori. Na wala mimi sikutoka. Mimi nilikimbia. Niliomba kazi ya mbali kuliko zote walizokuwa nazo, na hii ya pili nimeiomba kwa sababu nyumba yetu ikiwa na watu wawili ndani ni kimya kuliko huku.

Na gemu lile pia sikukuachia kwa kusahau. Sikutaka kulibeba.

Nisamehe au ungoje kwanza, lakini usiache kuniandikia.

Binti yako


24 Mei

Baba,

Lori limekuja mara mbili. Limeleta mchele, maji, betri za darubini na barua za watu wengine. Jumatano hii nilimsaidia dereva kushusha magunia yote, hadi la mwisho, nikidhani labda barua yako imeanguka katikati.

Hata ukiandika mstari mmoja wa kunigombeza, itatosha.

Binti yako


4 Juni

Mwanangu,

Barua hii nitakukabidhi kwa mkono wangu. Nimekwenda ofisini kwenu, nikawaomba, nikawasumbua, mwishoni dereva wa lori la chakula mwenyewe akasema kiti cha mbele kipo. Naiandika nikiwa bado nyumbani, kwa sababu najua nikikuona nitazungumzia hali ya barabara.

Sikukaa kimya kwa hasira. Hasira iliisha siku ileile. Nilikuwa naisoma barua yako, nafika kwenye kivuli cha miguu, naikunja. Kesho yake naanza tena.

Umri wangu wote nimetoa watu waliokwama kwenye lifti. Kitu cha kwanza tunachofundishwa si spana wala kamba. Ni kusema na aliyekwama. Unasimama nje ya mlango, unamwambia niko hapa, unanisikia, usihangaike, hata kama hujajua bado hitilafu ni nini wala utamtoa saa ngapi. Mtu akisikia sauti hutulia. Nimewasemesha mawaziri, watoto, na bwana harusi mmoja aliyetapika kwenye suti yake. Wewe ulikwama chumba cha pili kutoka kwangu, nikaja hadi mlangoni, nikasimama, nikarudi kukaa. Sikuwa na la kusema nikadhani basi nisiseme. Mimi, kati ya watu wote.

Mashine nimeizima na kuifunika kitambaa. Sikuichukia. Isipokuwa imenichosha kuongea na mtu ambaye hata nikinyamaza, jibu lake ni lilelile.

Funguo nimemwachia Mama Mapacha. Alinitazama nimevaa viatu, akakaa kwenye ngazi.

Sijui nitakwambia nini nikifika. Nakuja hivyohivyo.

Baba


12 Juni

Mama Mapacha,

Mzee amefika. Alishuka kwenye lori miguu imevimba, amevaa lile koti lake la kazini, akanipa barua kama tarishi, akaenda kukagua tangi letu la maji ili niisome peke yangu. Alikagua muda mrefu sana kwa tangi lisilo na kasoro. Aliporudi akaniambia barabara ni mbovu baada ya mto.

Siku za kwanza ilikuwa ngumu, sitakuficha. Tulikuwa tunatembea kwenye mstari, mimi na darubini, yeye na vigingi, na tulizungumza vigingi tu. Mchana analala hemani, anakoroma hadi wapimaji wanalalamika. Nimewaomba wamvumilie. Sijasikia mtu akikoroma kwa raha vile muda mrefu.

Nimeomba ruhusa. Tutapanda lori la Jumatano wote wawili, nitakaa nyumbani mwezi mmoja, kisha nitarudi kumalizia mkataba. Fungua mapazia ya sebuleni ukipata nafasi.

Leo asubuhi tulikaa nje ya jiko la kambi. Baba akaonja chai ya mpishi wetu, akakunja uso, akasema, "Mama yako angeimwaga hii."

Nikamwambia, "Angeimwaga pamoja na kikombe."

Akacheka. Hajawahi kumtaja tangu tumzike, wala mimi. Kisha akaacha kucheka. Mpishi akatuona akaondoka na sufuria zake.

Baba akaniuliza, "Siku ile, nilipotoka kwenda kununua dawa. Alisema kitu?"

Hakuwahi kuniuliza. Aliporudi na ile dawa mkononi mama alikuwa ameshafunikwa, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni, na hatukulirudia tena jambo lile.

Nikamwambia alifungua macho mara moja, akauliza kama baba amekula.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia umekula."

Aliitikia kwa kichwa. Akainamia kikombe chake, chai ilikuwa imeshapoa na kufanya utando juu, akainywa yote.

Mtoto wa juu